Nyumba ya Fundi Itier

Wewe ungeibomoa nyumba yako kwa mikono yako mwenyewe, huku msamaha umeshaletwa mlangoni na kinachotakiwa ni uitikie tu? Nimewauliza watu swali hili Paris na njiani, na wengi hucheka. Hapa Sauvaire hatucheki. Tunamjua mtu aliyefanya hivyo, tunakula naye supu ya kabichi, na tunatembea vifua mbele kwa sababu yake.

Anaitwa Itier, fundi seremala. Alizaliwa wakati baba yake anajenga daraja letu la mbao juu ya mto Charente, na mama yake, kila alipopeleka chakula cha mchana, alimlaza kwenye kapu la maranda. Ndiyo maana watu humtania kwamba alinyonya unga wa msumeno. Ni mfupi, ndevu nyekundu, anaimba vibaya na anaimba kutwa. Kidole kimoja cha mkono wa kulia kilikwenda na shoka angali kijana. Siku alipokula kiapo cha mji, alipoinua mkono, mtu mmoja nyuma akauliza kama Mungu anapokea kiapo cha vidole vinne. Itier alijibu bila kugeuka, "Cha tano nimeshakitanguliza."

Kwa baba yake alirithi mashoka, patasi na fimbo ndefu ya kupimia. Kila alichojenga alikipima kwa fimbo hiyo, na hakutaka kusikia habari za kipimo kingine. Alipomtaka Arsende, binti wa mwuza mikunga, wale samaki wa mtoni warefu kama nyoka, alijenga nyumba kwanza ndipo akapeleka posa. Kwa desturi ya mafundi wetu, nyumba haikatwi pale itakaposimama. Aliilaza yote chini katika kiwanja chake cha kazi, boriti juu ya boriti, na kila zilipokutana akachonga alama kwa patasi: mstari, mistari miwili, msalaba, mguu wa ndege. Kisha akaifungua, akaibeba vipande vipande, akaisimamisha kati ya asubuhi na jioni. Na kwa kuwa hakuwa na kipimo kingine, nyumba ikatoka na upana uleule wa nafasi ya katikati ya daraja la baba yake. Majirani wakaiita daraja lenye paa. Arsende alipoletewa maneno hayo alisema afadhali daraja lenye paa kuliko mwanamume asiye na hili wala lile.

Sasa kiapo chenyewe. Bwana wa ngome iliyo kilimani anachukua ushuru wake wa mvinyo na chumvi, lakini kuhukumiana tunahukumiana wenyewe, na meya tunamchagua wenyewe. Hiyo ni haki ambayo babu zetu waliipigania hadi ikaandikwa. Haki hiyo ina bei. Kengele ya kanisa la Mtakatifu Aubin ikilia kwa kiapo, kila mwanamume aliyeapa awe amesimama mlangoni pa kanisa kabla haijanyamaza. Asiyekuwepo hapigwi wala hafungwi. Nyumba yake inabomolewa, na mbao zake zinakuwa mali ya mji.

Nilisoma sheria Paris. Nilikaa juu ya majani makavu nikisikiliza walimu wakibishana mamlaka ya wafalme yanatoka wapi, na hakuna aliyenifundisha jambo kubwa kama hili: watu wa kawaida, watengeneza ngozi na wauza mikunga, wamekubaliana kushikana mikono, na anayeuachia mkono wa mwenzake wanamhukumu wenyewe, bila kupanda kilima kuomba ruhusa. Nasema bila haya kwamba sijaona muhuri wa mfalme wenye heshima kama ile kengele.

Sheria hii inauma, siwezi kuficha. Majira ya baridi yaliyopita kengele ililia kwa sababu ya moto wa maghala, na Gombaud, mtengeneza ngozi, hakuja. Mkewe alikuwa katika uchungu wa kuzaa. Baraza lilimsikiliza, likamhurumia, kisha likaamuru nyumba ishuke, kwa sababu kila asiyekuja huwa ana sababu nzuri, na moto hausikilizi sababu. Aliyepanda kuishusha alikuwa Itier, maana ndiye fundi wa mji. Gombaud alisimama barabarani, mtoto amemfunika kwa koti.

"Omba kengele isikukute pabaya, wewe," alimwambia.

"Ikinikuta," Itier alimjibu kutoka juu ya paa, "njoo na nyundo."

Tangu siku hiyo hawakusemezana.

Ndipo vita vikaja. Kabaila mkubwa wa Poitou alichoka kumpigia magoti ndugu wa mfalme wa Wafaransa, akaasi, na mabwana wadogo wakamfuata, wetu wa kilimani akiwamo. Wakamwita mfalme wa Waingereza avuke bahari, kwani mama yake ndiye mke wa huyo kabaila. Akaja na masanduku ya fedha na watu wachache. Mfalme wa Wafaransa akaja na watu wengi. Sisi tuliokuwa katikati hatukuulizwa tuko upande gani. Bwana aliamka muasi, basi na sisi tukaamka waasi. Na ngano ilikuwa imeiva, watu wa vijiji vya ng'ambo wote wako mashambani na mundu mkononi.

Alasiri moja walinzi wa ngome waliona vumbi la farasi upande wa kaskazini. Renoul, nyapara wa bwana, alishuka mbio hadi kwa meya wetu Foucaud, mwuza chumvi mnene asiyependa kupandisha sauti, akamwambia daraja likatwe sasa hivi. Foucaud akaamuru kengele ilie. Nilikuwa mlangoni pa kanisa miongoni mwa wa kwanza, na shoka la baba ambalo sijui kulitumia. Tukatazamana, kila mtu akimtafuta jirani yake. Kengele ikanyamaza. Itier hakuwepo.

Alikuwa darajani, akibadilisha ubao uliooza, na kutoka pale aliona ambacho sisi hatukukiona: wavunaji wa ng'ambo, wanawake na wazee na watoto na mbuzi wao, wakikimbilia darajani kwa njia ya mashambani, na lile vumbi nyuma yao. Alijua kwamba akija kanisani, watu wa Renoul watalichoma daraja kabla hajarudi. Akaliburuta sanduku lake la zana hadi katikati, akalikalia.

Tulipofika mtoni Renoul alikuwa ameshatangulia, na askari wake wamebeba majani makavu na lami.

"Toka hapo, fundi."

"Nimechoka. Nimekaa kidogo tu."

"Nitalichoma na wewe juu yake."

"Lichome. Halafu kesho mitambo ya vita ya bwana wako atakuundia nani? Farasi wako?"

Watu wetu walicheka, na Renoul akageuka kuona nani anacheka. Alipogeuka tena, wavunaji wa mbele walikuwa wameshakanyaga mbao. Itier alisimama sasa, akiwaelekeza kama anayepokea wageni wa arusi.

"Kushoto, mama, kushoto, kulia pameoza. Wewe, mshike mdogo wako mkono. Mzee, huyo mbuzi mbebe, usimvute."

"Hataki," alisema yule mzee, ambaye alikuwa wa mwisho.

"Mwambie Wafaransa wanampenda na vitunguu."

Mbuzi alikuwa amekita miguu. Itier alimbeba mwenyewe, akamtua upande wetu, akarudi na nyundo yake ya mti. Baba yake alikuwa ameifunga nafasi ile ya katikati kwa vigingi vya mwaloni vinavyong'oka, kwa sababu alijua anaishi nchi gani. Fundi alivigonga kimoja kimoja, bila haraka, akaruka upande wetu, na mbao zote za katikati zikaangukia mtoni na kuchukuliwa na maji. Wafaransa wa kwanza walivuta hatamu ukingoni. Mmoja alirusha mshale, ukachoma sanduku la zana. Itier aliung'oa, akaitazama ncha yake, akautia sandukuni.

"Chuma kizuri," alisema.

Wavunaji walilala majumbani mwetu. Mji mzima ulilitaja jina lake kwa furaha, na mji mzima ulijua kwamba hakuitikia kengele. Aliyemwachia mvunaji kitanda chake alikuwa anakumbuka jambo hilo, na aliyepewa kitanda pia.

Asubuhi baraza likaketi kanisani. Kabla Foucaud hajafungua mdomo, aliingia Renoul, na safari hii alikuwa anatabasamu.

"Bwana wangu amefurahi," alisema. "Daraja limekatika, farasi wa Wafaransa wako ng'ambo wanakula nyasi. Anamsamehe fundi kosa la jana. Nyumba yake isiguswe. Na fundi apande ngomeni leo atujengee roshani za vita juu ya ukuta."

Foucaud alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. "Tunamshukuru bwana," alisema. Wengi wakaitikia. Hata mimi moyo wangu uliruka.

Itier alikuwa amesimama karibu na nguzo, kofia mkononi. "Bwana ananisamehe nini?" aliuliza.

"Si hukuitikia kengele?" alisema Renoul.

"Kengele ni yake?"

Renoul alimtazama meya, na meya alitazama sakafu.

"Naomba nijue tu," alisema Itier. "Kama kengele ni yake, anisamehe, nimshukuru, niende nyumbani. Kama ni yetu, hana msamaha wa kunipa. Sikumkosea yeye. Niliwakosea hawa."

Foucaud alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo sote tuliisikia. "Itier, ndugu yangu, kubali. Ni neno tu."

"Ndiyo, ni neno tu. Leo anamsamehe fundi kwa kuwa anamhitaji fundi. Kesho atamsamehe rafiki yake. Kesho kutwa atakataa kumsamehe mtu asiyempenda. Na sisi tutakuwa tunapanda kilima kila mara kuuliza nyumba ya nani ishuke."

Nilisimama. Nilisema basi baraza lenyewe limsamehe, bila bwana, kwa sababu alibaki darajani kuokoa watu na sio kujificha. Nilisema kwa moto, nikataja haki, nikataja akili ambayo Mungu amempa mwanadamu ili asiwe mtumwa wa maandishi. Watu walianza kutikisa vichwa kukubali. Itier alinigeukia, na usoni hakuwa na hasira hata kidogo.

"Wameokoka, kijana, na nimefurahi. Mtoto wa Gombaud naye alizaliwa salama, na tulifurahi. Kisha nikapanda kwenye paa la baba yake." Akamtafuta Gombaud kwa macho, akampata nyuma kabisa karibu na mlango. "Nisemeje mbele ya huyu? Kwamba sababu yangu ni kubwa kuliko yake?"

Nilikaa. Hoja yangu ilikuwa nzuri, bado naiona nzuri, lakini sijawahi kujivunia kushindwa kama nilivyojivunia pale. Mtu aliyelazwa kwenye kapu la maranda alikuwa anamnyima bwana wa ngome kitu ambacho wafalme wawili walikuwa wanamwaga damu kukipata: uwezo wa kusema huyu aadhibiwe, huyu aachwe. Foucaud aliitisha kura ya mikono: nyumba ishuke. Mikono iliinuka polepole, mizito, lakini iliinuka, na wa Itier ulikuwa miongoni mwa ya kwanza, na vidole vyake vinne.

"Na roshani za ngome?" aliuliza Renoul. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Nitakuja nikipata nafasi. Leo nina nyumba ya kubomoa."

Arsende alikuwa mlangoni, upawa mkononi. Habari zilikuwa zimefika kabla ya mumewe.

"Miaka yote hii nakuomba uzibe tundu moja la paa," alisema. "Leo unalitoa lote."

"Si ulisema linavuja?"

"Usinichekeshe, mwanamume wewe. Ni kweli ulimwambia nyapara maneno hayo? Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Alifanya uso gani?"

Itier aliufanya ule uso. Arsende alicheka hadi akashika mwimo wa mlango, kisha akalia, kisha akaingia ndani kutoa sufuria. Hakuna jirani aliyethubutu kumsaidia hadi alipoita mwenyewe.

Itier alikuwa ameshapanda na kutoa vigae vya kwanza Gombaud alipotokea kwenye kona ya barabara, nyundo begani. Kila mtu aliacha alichokuwa anafanya.

"Uliniambia nije na nyundo," alisema Gombaud.

"Nilikuambia."

"Sikuwahi kuisubiri siku kama nilivyoisubiri hii."

"Basi panda. Ngazi iko nyuma, ila kidato cha juu kimelegea."

Gombaud alipanda. Nilidhani atapiga na kuvunja, na sikuwa na neno la kumlaumu. Alikaa kwenye mgongo wa paa, akaiweka nyundo kando, akaanza kung'oa vigae kimoja kimoja na kuvipitisha chini. Mwanafunzi wa ufundi aliyekuwa chini akaangusha kimoja, kikavunjika.

"Taratibu, wee," Gombaud alimfokea. "Hiyo ni nyumba ya mtu."

Itier alijifanya hajasikia. Aliimba, vibaya kama kawaida, akivigonga vigingi vitoke upande uleule alioviingizia zamani. Hakuna boriti iliyopasuliwa. Kufikia jioni nyumba nzima ilikuwa imelala kwenye uwanja wa kanisa, imepangwa kwa alama zake, mstari kwa mstari, msalaba kwa msalaba. Watu walikuja kuwakaribisha fundi na mkewe majumbani, zaidi ya wote wale wavunaji, ambao hawakuwa na nyumba za kukaribishia ila waligombania kuwapa vitanda walivyoazimwa. Arsende aliwakataa wote. Alikuwa ameketi juu ya boriti kubwa, anamkorogea mumewe mchuzi wa mikunga.

"Nyumba yangu iko hapa," alisema. "Imelala tu."

Kesho yake kulipopambazuka, kengele ililia. Nilikimbia nikifunga mkanda, na mlangoni pa kanisa nilimkuta Itier peke yake, majani makavu yako kwenye ndevu.

"Leo umewahi," alisema Foucaud alipofika, anahema.

"Leo sina mlango wa kufunga."

Meya alitupa habari kwa maneno machache. Majeshi ya wafalme yalikuwa yamekutana kwenye daraja jingine, chini ya mto. Mfalme wa Waingereza alikuwa amerudi nyuma. Bwana wetu alikuwa ameondoka ngomeni kabla jogoo hajawika, Renoul nyuma yake, na malango wameyaacha wazi. Ng'ambo ya mto alisimama kapteni wa Wafaransa na askari wake, anataka daraja lisimame leo hii.

Tulikwenda ukingoni sote. Foucaud, asiyependa kupandisha sauti, alipandisha sauti asubuhi hiyo hadi mishipa ya shingo ikatoka. Alimuuliza kapteni kama hati yetu na kengele yetu vitaheshimiwa. Kapteni alijibu kwamba mfalme wake ataheshimu mji unaofungua njia kwa hiari yake. Tulisema ajibu tena, wote wasikie. Akajibu tena.

Lakini mwaloni mkavu wa urefu wa kuziba nafasi ya katikati haukuwepo Sauvaire, ila ule uliokuwa umelala uwanjani, ambao tangu jana ulikuwa mali ya mji. Itier alitazama pengo la daraja, akatutazama, akachukua fimbo ya baba yake, ingawa hakuihitaji.

"Ile ya mguu wa ndege kwanza," alisema. "Gombaud, shika kichwa, mimi nashika mkia."

Boriti za nyumba zilikaa juu ya nguzo za daraja kama zilikatiwa hapo. Mbao za sakafu ya Arsende zilipangwa juu yake, njia nyembamba ya kupita mtu mmoja mmoja, na upande wa mwisho, ule wa ng'ambo, fundi alisimama na nyundo, kigingi kimoja bado hajakigonga. Kapteni alimsogeza farasi wake hadi kwenye ubao wa kwanza.

"Nani amekupa amri ya kazi hii?" aliuliza.

"Kengele, bwana. Ngoja kidogo, kuna watu mbele yako."

Wavunaji walianza kuvuka kurudi kwao, miundu mabegani, ngano yao inawasubiri. Arsende alisimama ukingoni, na kila aliyepita alimsalimu kama mtu anayetoka nyumbani kwake. Kapteni alirudisha farasi nyuma, hadi kwenye upupu, na askari wake wakarudi nyuma pamoja naye. Wa mwisho alikuwa yule mzee. Alipofika katikati, mbuzi wake alikita miguu tena, na jeshi la mfalme wa Wafaransa likasubiri.